STAA NA MTOTO WA SIMBA: ANAOKOA AU ANAUZA SURA?

Mwanadada mmoja wa Bongo Movie (jina kapuni) yuko Afrika Kusini, na picha zake akimnywesha maziwa mtoto wa simba zimeteka mitandao. Kaandika anajitolea kuokoa wanyama, mashabiki wanammwagia kopakopa.

Nia yake nzuri, hakuna ubishi. Ishu ni sehemu aliyoilipia dola. Mama wa huyo simba yuko wapi?

Kule kuna maelfu ya simba waliozaliwa ndani ya uzio. Watoto wanatolewa kwa mama zao mapema ili wageni walipie kuwalisha. Wakikua hawashikiki tena, na porini hawarudi maana washazoea watu. Wapo wanaouzwa kwa wawindaji, wakapigwa risasi humohumo kwenye uzio, mifupa ikasafirishwa Asia. Mwaka 2021 serikali yao yenyewe ilitangaza nia ya kuachana na biashara hiyo.

Kituo cha kweli hakina mbwembwe. Kisiwani Ngamba, Uganda, sokwe yatima wanatunzwa tangu 1998, na mgeni anawaangalia akiwa upande wake wa uzio. Mafua ya binadamu tu yanaweza kumuua sokwe! Kujitolea kwenye vituo vya hivyo ni kukata matunda na kusafisha vinyesi, siyo kukumbatia.

Kwa hiyo dada huyo, na wote wanaopanga kumfuata, waulize kabla ya kutoa hela: huyu mnyama akikua anaenda wapi? Wakizungushwa, wageuze.

Wadau mnasemaje?