Tumwombee Amy Winehouse?

Ndani ya siku nne za Julai 2011 Umoja wa Mataifa ulitangaza baa la njaa kusini mwa Somalia, watu 77 wakauawa Norway, na mwimbaji Amy Winehouse akakutwa amekufa nyumbani kwake London, akiwa na miaka 27. Pombe ndiyo iliyomuua. Mpaka leo, ukimtaja mtu kama yeye kwenye nia za sala za jumuiya, hakosi wa kuguna: na watoto wa Somalia je?

Anayeguna anaichukulia sala kama gunia la unga, ukimpimia huyu yule anapungukiwa. Sivyo. Mwezi mmoja kabla ya kifo chake, watu wa Belgrade walimzomea jukwaani akiwa amelewa, nyimbo zimemshinda. Mgonjwa akazomewa! Walevi wa kilabu cha jirani na parokia nao tunawacheka vivyo hivyo, na sijasikia nia yao ikisomwa.

Ninachokikataa ni nyota kutajwa kwa jina, halafu wenye njaa wakusanywe kwa neno moja, “wanaoteseka”. Bakool na Shabelle ya Chini nayo ni majina. Tuyataje yote madhabahuni, na kapu la Caritas likipita, hapo ndipo tupime unga.