Dhulma ya Ardhi na Udhuru wa Kutojua Sheria



Ndugu Waislamu, wapo miongoni mwetu wanaodai kuwa sheria za nchi ni elimu ya dunia isiyomhusu muumini, na kwamba wanasheria watetezi wa haki hawafai kusikilizwa kwa kuwa si masheikh. Madai haya ni batili. Mtume (s.a.w.), kabla ya kupewa utume, alihudhuria Hilful-Fudhul nyumbani kwa Abdallah bin Jud'an, pale watu wa Makka walipoapa kumsaidia kila aliyedhulumiwa, mwenyeji au mgeni. Walioapa hawakuwa Waislamu. Hata hivyo, baada ya utume alikisifu kiapo hicho na kubainisha kuwa angeitwa kwa mfano wake angeitika.

Tumtazame Profesa Issa Shivji, Mtanzania mwenye asili ya Kihindi, aliyezaliwa Kilosa mwaka 1946 na kufundisha sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi alimteua kuongoza Tume ya Rais ya kuchunguza masuala ya ardhi. Tume ilikwenda mikoani kusikiliza wananchi, ikapendekeza ardhi ya kijiji iwe mikononi mwa mkutano mkuu wa kijiji, si mikononi mwa Rais. Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Hakukata tamaa: mwaka 1994 alishiriki kuasisi HAKIARDHI, taasisi ya utafiti na utetezi wa haki za ardhi. Hoja zake hakuzijenga juu ya fiqhi; lakini je, kumtetea mnyonge si katika dini?

Pamoja na upungufu wake, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaikataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Misunkumilo imo katika Manispaa ya Mpanda, lakini chakula chetu chatoka vijijini, na ndugu zetu wako huko. Ni wangapi wanaoijua kinga hii? Anayeususia mkutano, kisha shamba la mjane na yatima likagawiwa, atajitetea kwa lipi mbele ya Allah?

Basi kila msikiti utenge darsa moja kwa mwezi kufundisha sheria ya ardhi, kando ya mirathi. Kunyamazia dhulma kwa kisingizio cha ucha Mungu ni kumsaidia dhalimu.