STAA ALIYEIPONDA SGR ANASWA BEHEWANI, KOFIA HADI PUANI!

Mjini hakuna siri. Yule msanii wa kiume mwenye ngoma mbili zinazosumbua redioni, mwenye gari jeusi la vioo vya giza, kaonekana wikiendi iliyopita ndani ya SGR ya kwenda Dodoma. Kofia hadi puani, barakoa juu yake, kajibana kiti cha dirishani kama mtu anayedaiwa kodi ya nyumba. Abiria waliokuwa behewa lile wanasema alitambulika kwa sauti tu, pale alipoagiza maji.

Sasa wenye kumbukumbu wanacheka. Maana ni huyu huyu ambaye miezi michache nyuma aliingia live akasema SGR ni "treni ya kupigia picha", na kwamba mtu mwenye akili zake hawezi kuacha gari akapande kitu kinachokwenda kumtupa nje ya mji. Maneno yale yalisambaa kitaa kizima. Mashabiki wakayameza bila kutafuna. Hadi leo ukimwambia mtu wa Kinondoni apande treni aende Dodoma, anakujibu kwa maneno ya msanii, wakati hata stesheni yenyewe hajawahi kukanyaga.

Kubadili mawazo siyo dhambi. Shida ni kujificha. Kama treni ni ya kupigia picha, mbona yeye ndiyo hakupiga?

Tuanze na hilo la "kutupwa nje ya mji", kwa sababu ndiyo hoja yake kubwa. Kwa Morogoro ana nusu ya haki, stesheni iko Kihonda, siyo katikati ya mji, na ukishuka lazima utafute boda au bajaji. Dodoma nako hushuki mlangoni kwa mwenyeji wako. Sawa. Lakini Dar? Stesheni ya SGR iko mjini kabisa, ng'ambo za Gerezani na Kariakoo, mtu anashuka mwendokasi pale Gerezani anamalizia kwa mguu au bajaji ya haraka. Stendi ya mabasi ya mikoani ndiyo iko Mbezi Luis! Mfanyabiashara wa Kariakoo anayekwenda Dodoma kwa basi anaanza safari kwa kupambana na foleni ya Ubungo na Kimara kwanza, na hapo bado hajakaa kwenye siti. Huyo nani kamtupa nje ya mji?

Halafu kuna barabara yenyewe. Anayeijua hahitaji kuelezwa. Kibaha foleni. Vigwaza mizani, basi linapanga mstari na malori ya mzigo wa Kongo na Zambia. Chalinze watu wanashuka kununua vitu. Mikese mizani tena. Msamvu konda anatafuta abiria wa kujazia, wapiga debe wamejaa mlangoni. Dumila, Gairo, Kibaigwa, na tochi za trafiki kila baada ya kona. Kilomita zisizofika 500 zinakula siku nzima. Ukiondoka asubuhi, ukifika Dodoma ofisi zimefungwa, lazima ulale. Hapo ongeza hela ya gesti na chakula cha usiku, ndiyo upate nauli halisi ya basi.

SGR inatembea mpaka kilomita 160 kwa saa, kwa umeme. Treni ya haraka inafika Dodoma ndani ya saa tatu na nusu hivi, ile ya kawaida haizidi sana hapo. Nauli ya daraja la kawaida ilipoanza ilikuwa 31,000 kwenda Dodoma na 13,000 kwenda Morogoro, hela ambayo haipishani sana na basi la daraja la kati. Mtu anaondoka Dar asubuhi, anapeleka makaratasi yake wizarani, anakula zake kuku wa kienyeji, jioni anarudi kulala kwake. Siku moja. Wakati Wajerumani wanaanza kujenga reli ya kati pale Dar mwaka 1905, na hata miaka yote ya treni ya zamani, kwenda na kurudi Dodoma siku hiyo hiyo kwa reli lilikuwa jambo la kuota.

Lakini staa hapeleki makaratasi wizarani. Ana meneja. Hilo ndilo tatizo la kuwasikiliza watu hawa kwenye mambo ya usafiri: wanapima treni kwa gari lao, na gari lao lina dereva, kiyoyozi na hela ya mafuta ya promota.

Mtu wa kupimia treni ni mwingine. Ni mama anayetoka Dodoma kwenda Ocean Road kwa mionzi. Watu wanaongea kuhusu saratani kama vile kazi inaishia kwenye kupata dawa, kumbe na njia nayo ni ugonjwa. Mgonjwa aliyeishiwa nguvu anakaa kwenye basi saa nane, tisa, kiti kimebana, mziki juu, na akitaka kujisaidia asubiri konda atangaze kuchimba dawa porini. Mwanamke mgonjwa, kichakani, ameshikwa mkono na binti yake, na dereva anapiga honi kuwa wanachelewa. Kwenye treni kuna choo. Anainuka, anaenda, anarudi, anaegemea. Hicho choo peke yake kina maana kuliko ngoma zote mbili za jamaa.

Ni mjamzito pia. Ni mzee wa magoti. Ni mwanafunzi wa UDOM anayetaka kwenda kumzika bibi Morogoro na kurudi kabla ya mtihani. Hawa wote wakisikia "treni ya kupigia picha" kutoka kwa mtu wanayempenda, wengine wanaamini, wanabaki na basi na kuteseka bure.

Na asionewe yeye peke yake. Upande wa pili yuko yule dada wa filamu, mrembo wa kope ndefu, ambaye tangu safari za abiria zianze Dar hadi Morogoro Juni 14, 2024, na Dodoma Julai 25, hajaacha kuipamba. Mchongoko huu hapa, kiti cha kifahari hiki hapa, juisi mkononi, "bata la reli". Kwake treni haina kasoro hata moja. Inasemekana siti yenyewe hailipii, na hiyo haina ubaya, kazi ni kazi. Ubaya ni kumfanya mtu wa daraja la kawaida aone treni ni ya watu wa kope, siyo yake. Yule aliyeponda na huyu anayepamba wamefanya kazi moja. Wote wawili wameifanya treni kuwa ya mastaa.

Kasoro zipo, na anayesema hazipo ni muongo. Siku za mwanzo treni ilishasimama njiani kwa hitilafu ya umeme, watu wakakaa wanatazamana. Tiketi za sikukuu zinaisha mapema na asiyejua kukata mtandaoni anabaki anazunguka dirishani. Kijana wa mjini ataona ni jambo dogo, lakini bibi wa Gulwe mwenye kitochi atakata vipi? Mzigo nao. Basi unapakia gunia la mchele, kuku wawili na godoro, mnaelewana na konda, maisha yanaendelea. Treni haitaki hayo mambo. Kwa mama wa biashara ndogo anayebeba bidhaa yake mwenyewe, SGR bado haijamfaa, na huyu ana sababu ya kweli ya kubaki na basi kuliko msanii yeyote. Geti nalo likifungwa limefungwa, hakuna kukimbiza treni kama mnavyokimbiza basi na boda hadi Kibaha.

Na wa Singida, Tabora na Mwanza wana haki ya kununa. Treni yao imeishia Dodoma. Wanashuka hapo wanabeba mabegi kwenda kutafuta basi la kumalizia, na ukifika usiku na watoto utamu wote wa saa tatu unaishia kwa dereva wa bajaji anayetaja bei anavyojisikia.

Haya ndiyo ya kuongea live. Msanii mwenye wafuasi wengi akisema "wekeni usafiri wa uhakika wa bei inayoeleweka kutoka stesheni ya Kihonda kwenda mjini", wakubwa watasikia. Akiuliza mama mwenye gunia la mchele atasafiri vipi, watasikia. Majirani zetu Kenya walianza na Madaraka Express mwaka 2017, na mpaka sasa ukishuka Syokimau bado una safari nyingine ya kuingia katikati ya Nairobi. Hawakuacha kupanda, ila hawakuacha kulalamika pia, na wanalalamikia kitu wanachokijua kwa sababu wamekikalia. Huku kwetu mtu analalamikia asichokipanda, akikipanda anavaa barakoa.

Wanaomjua jamaa wanasema siku ile gari lake lilikuwa gereji na promota wa Dodoma alishalipa nusu ya hela. Angeondoka kwa basi muda ule asingewahi hata kujaribu spika. Kwa treni alifika jua halijazama, akaoga, akalala kidogo, akapanda jukwaani akiwa mzima. Waliokuwepo wanakiri ilikuwa shoo yake nzuri kuliko zote za mwaka huu, sauti haikukwama.

Akirudi Dar alikata tena tiketi, kiti cha dirishani. Hadi jana usiku ile video ya "kutupwa nje ya mji" ilikuwa bado iko kwenye ukurasa wake, hajaifuta.