Kuhamia rezo ya bei ya chini: nani analipa ile tofauti?

Ku kabine za Kolwezi, Likasi ao Lubumbashi, mutu akifika kununua inite, muuzaji haulizi tu « ya ngapi? » Anauliza kwanza « ya nani? » Ni kwa sababu watu wengi leo wako na puce mbili mu telefone moja. Kuna ile ya zamani, namba yenye kujulikana na jamaa yote mpaka mu kijiji. Na kuna ile ya bei ya chini, ile walinunua siku moja gari ya promosio ilipita mu quartier na muziki ya nguvu.

Mu nyumba za wafanyakazi wa migodi, swali linarudi kila mwisho wa mwezi, wakati wa kuhesabu feza: tuhame kabisa, ao tubakie? Africell iliingia mu inchi yetu mwaka 2012. Ilikuta wakubwa wamekwisha kukaa: Vodacom iko hapa tangu 2002, na Airtel ni ile ile yenye wazee wanaita mpaka leo Celtel. Mugeni akifika ku soko kama hii, hana antena nyingi, hana jina, hana wateja. Silaha yake ni bei. Na kweli, bei yake ilifanya watu wengi wa muji wapumue, hata wale hawakununua puce yake, maana wakubwa nao walipaswa kutafuta forfait za kubakisha wateja wao.

Lakini bei ya dakika ni kitu kimoja, na bei ya telefone mu jamaa ni kitu kingine.

Tuangalie namna mambo inapita. Mutu wa 090 akiita mutu wa 090, sauti inabakia mu nyumba ya kampuni moja. Akiita mutu wa 081 ao wa 099, sauti inatoka kwake na kuingia mu nyumba ya mwingine, na mwenye nyumba anaomba malipo ya mulango kwa kila dakika. Wanaita ile malipo interconnexion, na ARPTC, ile otorite ya serikali yenye kusimamia mambo ya telefone, iko na neno juu ya kiasi chake. Ndiyo maana promosio kubwa, zile za dakika mingi usiku kucha, karibu zote ni za kuongea na wenzako wa rezo moja. Ukisoma affiche vizuri utaona ile neno ndogo chini. Kampuni haikudanganye. Imekuambia tu kwa herufi ndogo.

Sasa tuseme mutu mmoja anafanya kazi ku mugodi karibu na Fungurume. Bibi yake na batoto wako Likasi, mama yake iko Kasaji, ndugu yake anapakia mizigo Kasumbalesa. Wote wako ku rezo ya zamani. Yeye peke yake anahama, sababu mwenzake wa équipe alimuambia ni bei chini. Mwezi wa kwanza anafurahi: na wale wenzake wa 090 anaongea mpaka anachoka. Lakini bibi yake, akitaka kumuambia mutoto ana homa, anamuita sasa kwa bei ya inje ya rezo. Forfait yake ya nyumbani haitumike tena kwa bwana wake. Basi anabipa. Bwana anaona bip, anarudisha, na yeye pia analipa ile bei ya inje. Kisha wiki mbili bibi anaacha kubipa kwa mambo madogo. Anangoja mambo makubwa.

Kwa hiyo mutu akisema « mimi nimepunguza », tuulize: nani ameongeza? Mutu mmoja akihama peke yake, feza anayobakisha inatoka kwa sehemu mu mufuko wa wale wanaomuita, na mara nyingi wale ni bibi, mama muzee, mutoto mwenye kusoma mbali, watu wenye kuwa na inite kidogo kuliko yeye. Ile hesabu haionekane ku telefone yake. Inaonekana ku yao.

Kuna njia nyepesi ya kujua. Kamata karatasi, andika namba kumi unazoita na zenye kukuita zaidi. Angalia zinaanza na nini: 081 na 082 ni Vodacom, 097 na 099 ni Airtel, 084, 085 na 089 ni Orange, 090 ni Africell. Kama saba ku kumi ziko upande mmoja, pale ndipo bei yako ya chini iko, hata kama affiche ya mwingine ni nzuri zaidi. Jamaa zingine Lubumbashi zilihama zote pamoja, baba, mama, na batoto wa chuo kikuu, na wale wameshinda kweli. Wote wanakaa muji moja, wote wanaongea kati yao. Kwao sina neno.

Mambo ni ngumu kwa mutu wa mugodi kwa sababu maisha yake haiko mu muji moja. Na hapa tunafika ku antena. Antena mu katikati ya Lubumbashi inahudumia maelfu ya watu. Ile ya njia ya Dilolo ao Sandoa inahudumia watu kidogo, na kama moto ya SNEL haifike kule, inaishi kwa groupe na mafuta, ao kwa panneau za jua, na mulinzi wa kulinda mafuta yasiibiwe. Kampuni yenye kuuza bei ya chini inapaswa kupata watu wengi kwa antena moja, sivyo hesabu haitoke. Kwa hiyo inaanza ku miji, inafuata barabara kubwa, na kule mbele inakwenda polepole. Siyo ubaya. Ni namna ya biashara yake. Bei ya chini na rezo ya mbali ni vigumu vikae mu mufuko moja.

Kwa mufanyakazi wa contrat, mwenye kukaa mu camp yenye antena, shida ni kidogo. Chini ya udongo, yeye kama wengine, telefone ya kawaida haishike, na mu kampuni nyingi haingie naye. Kwa creuseur ni ingine. Carrière yake inaweza kuwa nyuma ya kilima, kilomita kumi toka barabara. Rezo kwake ni bei ya shaba na kobalti ya leo, mbele ya kupakia mifuko kwenda dépôt: kama hapati kuuliza wenzake wa upande mwingine, négociant ndiye anamuambia bei, na négociant hajawahi kusema bei iko juu. Rezo ni pia habari ya uzima. Watu wa Kolwezi wanakumbuka Juni 2019, wakati udongo ulianguka ku KOV na kuua makumi ya wachimbaji. Siku kama ile, mbele ya orodha yoyote kutoka ku hospitali, jamaa ziko na kitu kimoja tu mukononi: namba. Mutu aliyeweka ku carrière puce yenye haishike kule, hata kama yeye ni muzima, anaacha watu wake walie mpaka jioni.

Kwa hiyo mbele ya kununua puce, usiulize muuzaji kama rezo iko. Muuzaji iko muji. Uliza mutu anayelala pale unafanya kazi, na mutu anayelala pale mama yako anaishi.

Kisha kuna feza. M-Pesa ya Vodacom ilianza kwetu 2012. Airtel Money na Orange Money ni watu wa kila siku, na Africell iko na Afrimoney. Kwa wengi wetu namba ndiyo banki. Ni ku namba ile négociant anatuma, ni pale minerval ya mutoto inapita, ni pale mutuele ya kilio inakusanya. Kubadilisha rezo ni kubadilisha banki siku ileile, na mara nyingi kutoa feza toka rezo moja kwenda ingine kunakula frais kuliko kutuma ndani. Uliza pia agent wa kule kijijini: yuko, na kama yuko, iko na cash? Agent asiye na cash ni affiche tu.

Kitu kibaya zaidi ni hiki: kwetu, ukihama kampuni unaacha namba. Mu inchi zingine siyo vile. Kenya, tangu 2011, mutu anaweza kuhamia kampuni ingine na namba yake. Tanzania ni tangu 2017, na madereva wa malori wenye kutoka Dar es Salaam mpaka Kasumbalesa wanajua ile mambo. Kwa Kifaransa ni portabilité. Kwa maoni yangu, ile ndiyo kitu kimoja deputé wa hapa angepaswa kudai mbele ya kudai promosio. Mutu akiwa na haki ya kwenda na namba yake, kampuni inamuheshimu. Akifungwa ku namba, anapewa mega za bure siku ya sikukuu na bei inapanda siku ingine.

Wengine wanahama kwa hasira, na ninawaelewa. Hakuna aliyesahau RAM, ile taxe ya mwaka 2020: dola moja kwa mwaka ku telefone ndogo, dola saba ku zile za 3G na 4G, ikikatwa mu inite ya mutu kidogo kidogo bila yeye kusema ndiyo. Ilifutwa mapema 2022, kisha kelele mingi mpaka mu Bunge. Lakini RAM ilikuta watu ku kila rezo, ya bei juu na ya bei chini. Vilevile TVA ya asilimia 16. Kuhama kampuni hakukuhamishe toka kwa serikali.

Na mega? Hapa neno linageuka. Mega haziulize unaongea na mutu wa nani. Ukiita bibi yako ku WhatsApp, ile mulango ya interconnexion haiko, yeye awe 081 ao 090 ni sawa. Mwenye telefone nzuri, ku muji ambapo rezo ya bei ya chini inashika vizuri, anaweza kununua mega kule na kubakisha namba yake ya zamani kwa kupokea. Ni hapa, nafikiri, kampuni za bei ya chini zinasaidia kweli jamaa za wafanyakazi, kuliko ku dakika za sauti. Ila mama wa Kasaji, na telefone yake ya vifungo, haingie mu hesabu hii. Yeye anangoja sauti.

Kuna wanaouliza kama kampuni ya bei ya chini inaweza kufunga siku moja. Kampuni zinatoka, ndiyo. Africell yenyewe iliacha Uganda mwaka 2021. Kwetu, watu wa Tigo walijikuta ndani ya Orange kisha ile kampuni kununuliwa mwaka 2016. Sisemi itakuwa vile hapa; nasema tu usiweke feza ya mwaka muzima mu namba uliyopata juzi.

Basi watu wengi wamepata jibu lao wenyewe: hawahami, wanaongeza. Puce mbili, moja kwa kupokea na feza, ingine kwa mega na kwa marafiki wa rezo moja. Ni akili nzuri, kama mutu anaangalia mambo mbili. Ya kwanza, puce iandikwe ku jina lako, na carte d'électeur yako. Mu soko wanauza puce zilizokwisha kufunguliwa, na wengi wananunua zile sababu ni haraka. Siku telefone inaanguka mu maji ya carrière ao inaibiwa, unakwenda ku agence kuomba namba yako, wanakuambia namba ni ya mutu mwingine, ambaye hata humujue. Feza iliyo ndani inabakia na ile jina. Kama uko na puce ya namna ile leo, toa feza kwanza, kisha nenda ku agence kuona kama wanakubali kuiandika upya.

Ya pili ni kutosahau ile ya zamani. Tia inite hata kidogo, ita mutu hata mara moja kwa mwezi. Kampuni haingoje miaka mbele ya kufunga namba yenye kulala, na ikikwisha kuifunga inaweza kuiuza tena. Mutu mwingine, pengine kule Mbuji-Mayi, ndiye atapokea bip za mama yako.