Yoti Kuukuu kwa Bei ya Kutupa: Kabla Chama Hakijatoa Pesa

Mwezi wa Aprili 2024, boti ya matanga iliyoundwa mwaka 1979 iliingia Cowes, kusini mwa Uingereza, ikiwa imezunguka dunia na mabaharia wanawake watupu chini ya nahodha Heather Thomas. Jina lake Maiden. Hesabu zilipopigwa, muda ukafidiwa kulingana na uwezo wa kila chombo, ikaonekana kuwa ndiyo iliyoshinda mashindano ya Ocean Globe. Timu ya wanawake peke yao haikuwahi kushinda mbio za kuzunguka dunia kabla ya siku hiyo. Na chombo kilichotangulia kufika, Pen Duick VI ya Wafaransa, ni kikongwe zaidi: kiliundwa 1973.

Mashindano hayo yalikuwa na masharti. Vyombo viwe vya mchoro wa kabla ya 1988, na njia itafutwe kwa ramani za karatasi na kupima jua na nyota, bila setilaiti. Mbio za Golden Globe, za mtu mmoja mmoja, ambazo zimepangwa kuanza tena Ufaransa Septemba 2026, nazo zinataka vyombo vya zama hizo. Kwa hivyo yoti zilizokuwa zimesahauliwa pembeni mwa bandari sasa zina watu wanaozitafuta.

Mvumo huo umefika hadi kwetu. Yoti za wageni huingia Kilifi na Mtwapa miaka nenda miaka rudi. Wengine huja na upepo, wakapumzika, wakaondoka. Wengine huchoka, huugua au huishiwa pesa, na chombo kikabaki kwenye nanga kikiota chaza. Ndipo bei inapotajwa, tena bei ya kumfanya kijana aanze kuota ndoto. Kuna kikundi cha vijana ninachokifahamu ambacho kimeahidiwa yoti ya zamani ya mashindano, ndefu kiasi cha futi 50, kwa pesa zisizofikia bei ya matatu mpya. Wanataka kuichangia, wapakie watalii, na siku za mapumziko wafundishe watoto wa mtaa kuendesha matanga. Mmoja wao akaniuliza, "Ami, si hata ile Maiden ilikuwa mtumba?"

Kweli ilikuwa mtumba. Na ni mtumba mara mbili, ndiyo maana historia yake inafaa kusomwa yote, si ukurasa wa ushindi tu.

Maiden ilichorwa na Bruce Farr wa New Zealand, ina urefu wa futi 58 na bodi yake ni ya aluminiamu. Ilikimbia mbio za Whitbread za 1981 ikiwa na jina lingine, Disque d'Or III, chini ya nahodha Mswisi Pierre Fehlmann. Miaka michache baadaye Mwingereza Tracy Edwards, aliyekuwa bado hajafika miaka 30, aliweka nyumba yake rehani akainunua ikiwa imechakaa. Yeye na wenzake waliibomoa ndani na kuijenga upya kwa mikono yao. Mfadhili hakupatikana mpaka Mfalme Hussein wa Jordan alipoingilia kati, shirika la ndege la nchi yake likabeba gharama. Katika mbio za 1989 na 1990 Maiden ilishinda hatua mbili katika daraja lake, mojawapo ikiwa ile ndefu iliyokata kusini kabisa mwa Bahari yetu ya Hindi hadi Fremantle.

Baada ya hapo ikauzwa. Na mwaka 2014 ilikutwa Mahé, huko Seychelles, imetelekezwa na inaoza. Msomaji, Mahé iko karibu moja kwa moja mashariki ya Mombasa, kiasi cha kilomita 1,750. Chombo mashuhuri kama hicho kilikuwa kinafia katika bahari hii hii, kwenye jua hili hili na chumvi hii hii. Edwards alichangisha pesa akakinunua tena, lakini hakikuweza kurudi kwa matanga yake: mwaka 2017 kilibebwa juu ya meli ya mizigo hadi Uingereza. Binti wa Mfalme Hussein, Princess Haya, alisaidia gharama za matengenezo. Kikarudi baharini 2018. Tangu kilipokutwa mpaka kilipotweka tanga tena ni miaka minne, pamoja na mkoba wa watu wa kifalme.

Hapa ndipo hesabu ya vijana wetu inapokosa mguu mmoja. Bei ya yoti hushuka kadiri inavyozeeka, lakini gharama za kuitunza hazifuati bei, zinafuata urefu na uzito. Tanga la futi 50 ni lile lile, chombo ukikinunua kwa milioni 30 au kwa milioni 3. Kamba haijui kwamba uliuziwa kwa bei ya kutupa. Wenye yoti wana kanuni ya kukisia kwamba utumie asilimia 10 ya thamani ya chombo kila mwaka kwa matunzo. Kwa chombo kipya huenda ikafaa, kwa chombo kikongwe ni uongo mtupu, kwa sababu asilimia 10 ya bei ya kutupa haitoshi kununua hata nyaya za mlingoti. Na nyaya hizo, hata zikiwa za chuma kisichoshika kutu, huchoka ndani kwa ndani pale zinapobanwa kwenye vichwa vyake. Makampuni mengi ya bima hutaka zibadilishwe zikifika miaka kama 10. Mlingoti ukianguka mbele ya abiria, hakuna atakayeuliza uliinunua kwa kiasi gani.

Halafu yoti ya mashindano si yoti ya matembezi. Iliundwa iwe nyepesi, ikasukumwa mpaka mwisho wa nguvu zake, kisha kila mmiliki akaigeuza apendavyo akitafuta mwendo. Pen Duick VI yenyewe ilianza maisha ikiwa na mkuku wa urani iliyopungua nguvu, madini mazito kuliko risasi, ili uzito ukae chini kabisa. Baadaye ukabadilishwa. Sisemi yoti ya Mtwapa ina urani! Nasema mnunuzi wa chombo cha namna hii ananunua pia majaribio ya watu asiowajua.

Mkuku ndio mahali pa kuanzia. Jahazi letu mkuku wake ni uti wa mgongo, mbao na mataruma yote yamejengwa juu yake. Yoti ya mashindano nyingi zake zina pezi la chuma au risasi, tani kadhaa, lililoning'inizwa chini kwa boliti. Mei 2014 yoti yenye jina ambalo nusu yake ni la kwetu, Cheeki Rafiki, ilikuwa inarudi Uingereza kutoka mashindano ya Antigua. Katikati ya Atlantiki mkuku uling'oka, chombo kikapinduka, mabaharia wote wanne wakapotea. Haikuwa kuukuu, ilikuwa na umri wa miaka 8 tu. Wachunguzi wa ajali za baharini wa Uingereza waliona kuwa huenda kugonga chini siku za nyuma, pamoja na matengenezo yaliyofuata, kulidhoofisha pale mkuku uliposhikana na bodi. Hivyo swali la kwanza kwa muuzaji liwe: imewahi kupanda mwamba? Akisema haijawahi hata mara moja, na amezunguka bahari yenye matumbawe kama hii, mimi ningezidi kuangalia.

Hata katika yale mashindano ya Ocean Globe, wazee hawakutoka salama wote. Translated 9 ya Waitaliano ni Swan 65, aina ile ile ya yoti ya Kifini ambayo Sayula II ya Mmexico Ramón Carlín ilishinda nayo Whitbread ya kwanza ya 1973. Aina ya kuaminika hasa. Ilikuwa miongoni mwa zilizokuwa zikiongoza, kisha bodi yake ya faiba ikapata ufa huko kusini, ikakimbilia visiwa vya Falkland. Na Novemba 2022, katika Golden Globe, chombo cha Mfini Tapio Lehtinen kilizama kusini mwa Bahari ya Hindi kwa dakika chache tu. Yeye aliokolewa na mshindani mwenzake Kirsten Neuschäfer wa Afrika Kusini, ambaye baadaye alishinda mbio zenyewe. Hao walikuwa na vyombo vilivyokaguliwa na mafundi na masharti makali. Chombo kilichokaa miaka kwenye nanga mtoni kina cheti gani?

Faiba kuukuu hupimwa kwa nyundo ndogo ya plastiki: ukigonga sitaha ikajibu kwa mlio mkavu, ni nzima, ikijibu kwa mlio mzito kama wa sanduku lililolowa, mbao nyepesi zilizowekwa katikati zimeoza. Fundi yeyote wa mashua wa Lamu ana sikio la kazi hii. Bodi ya aluminiamu ina hatari yake: rangi ya chini yenye shaba, inayosaidia sana vyombo vyetu vya mbao, huitafuna aluminiamu. Ukimkabidhi kazi mtu asiyejua, ameshakutobolea chombo kwa nia njema kabisa.

Lipo na jambo la maji yetu. Dau au mashua maji yakipwa inalala ubavu mchangani, mwenyewe akaisugua, akapiga kalafati, maji yakijaa akaondoka. Hakulipa mtu. Yoti yenye mkuku wa mita mbili na nusu hailali hivyo. Ikipwelewa vibaya inaanguka na kupasuka. Inahitaji kuegemezwa kwenye nguzo wakati wa bamvua, au kunyanyuliwa kwa kreni, na kreni ya kazi hiyo pwani hii si ya kuita kwa simu. Kila mwaka, angalau mara moja. Sijaona kikundi kilichoiweka gharama hiyo kwenye karatasi.

Karatasi za umiliki nazo ziangaliwe mapema: bendera ya chombo, ushuru wa forodha kama kiliingia kwa muda tu na hakikulipiwa, na ukaguzi wa Mamlaka ya Usafiri wa Baharini ya Kenya kabla ya kupakia abiria hata mmoja. Deni la mgeni aliyeondoka linaweza kuwa lako.

Kwa biashara ya watalii, rai yangu ni hapana. Mtalii hataki kukunjama kwenye kitanda cha mabomba kilichotengenezewa baharia wa miaka 22, na chombo kinachotaka watu kumi kukiendesha kinakula mishahara. Kwa pesa hizo hizo, na kidogo juu yake, fundi wa Lamu au Shela anawapa mashua mpya ambayo kila kijana wa hapa anajua kuitengeneza.

Kwa shule ya ubaharia ni mambo mengine. Katika timu ya Maiden walikuwamo wasichana wa Antigua, India na Afrika Kusini, na sioni kwa nini msichana wa Matondoni asiwemo siku moja. Chuo au kaunti yenye bajeti ya kila mwaka, si ya kununulia tu, inaweza kuanza na chombo kidogo, futi 32 hadi 36, chenye mkuku mrefu ulioungana na bodi. Hicho hata kikipwelewa kina nafuu.

Wale vijana hawajakata tamaa. Wamekubaliana na muuzaji kwamba bamvua ijayo yoti iegemezwe kwenye nguzo, boliti mbili za mkuku zichomolewe ziangaliwe, na fundi wao agonge sitaha yote kuanzia omo hadi tezi. Gharama ya siku hiyo ni yao, na amana hawajatoa.