Kabla Hujamkata Mshahara, Ulimfundisha Lini?

Kila mwenye duka anaijua hii hesabu ya jioni. Daftari linasema mauzo kwa simu ni Sh18,000, simu ya duka inasema Sh14,500. Tofauti ni Sh3,500, na kabla chai ipoe mtu wa kuilipa ameshapatikana: msichana wa kaunta. "Hiyo itatoka kwa mshahara wako." Kesi imeisha.

Kwa maoni yangu hiyo kesi hata haijaanza.

Hebu tuangalie vile pesa kama hiyo hupotea. Meseji ya malipo imeingia kwenye simu ya duka ikifanana kabisa na zile za kila siku, jina la mteja lipo, kiasi kipo, mhudumu akampa mzigo akaenda. Kumbe meseji ni bandia. Ilitoka kwa nambari ya kawaida ya simu, si kwa jina la kampuni ya malipo, na salio lililoandikwa pale halikulingana na salio la duka. Mtu aliyefundishwa kuangalia hivyo vitu viwili hahitaji muda mrefu. Asiyefundishwa, na wateja sita wamepanga foleni wakitaka unga na sukari, ataangalia nini?

Sheria yenyewe ina la kusema hapa. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamruhusu mwajiri kukata mshahara pesa zikipungua, lakini upungufu uwe umetokana na uzembe au ukosefu wa uaminifu wa mfanyakazi, na mkataba wake uwe umetaja wazi kwamba amekabidhiwa kazi ya kupokea, kutunza na kulipa pesa. Hata hivyo, makato yote kwa pamoja hayafai kuzidi theluthi mbili za mshahara. Mimi si wakili, nilisomea masoko. Lakini hilo neno uzembe linanisumbua. Utasemaje mtu amezembea kwa jambo ambalo hakuwahi kuonyeshwa? Na tuambiane ukweli, ni wangapi kwenye kaunta za mtaani wana mkataba wa kuandikwa?

Najua jibu litakuwa, "Lakini nilimfundisha." Sawa. Ulimfundisha lini, na vipi? Kwa maduka mengi mafunzo ni nusu saa ya siku ya kwanza, mwenye duka akiongea na simu sikio moja: hapa ndio bei, hapa ndio pesa inaingia, ukikwama uniulize. Kampuni kubwa nazo huenda upande ule mwingine. Semina hotelini, projekta, chai ya saa nne, picha ya pamoja, cheti. Mwisho wa siku unapewa karatasi ya kuuliza kama ulifurahia mafunzo, na wewe unaweka alama kwa "sana" kwa sababu chakula kilikuwa kizuri na unataka kwenda nyumbani.

Mwaka wa 1959 Mmarekani Donald Kirkpatrick aliandika kwamba mafunzo ya kazini yapimwe kwa hatua nne: watu waliyaonaje, walijifunza nini, wanafanya nini tofauti wakirudi kazini, na biashara imepata nini. Ile karatasi ya hotelini inapima hatua ya kwanza pekee. Mashirika mengi yanaishia hapo, halafu yanaandika kwenye ripoti kwamba wafanyakazi mia mbili "wamepewa uwezo". (Sisi watu wa masoko tuna ugonjwa huo huo: tunahesabu waliopenda tangazo tunasema tumeuza.)

Sasa mwenye kibanda ana kitu ambacho kampuni nyingi zingelilia kuwa nacho. Ana taarifa ya malipo ya simu, kila shilingi na saa yake. Hiyo ndiyo ile hatua ya nne, na hailipiwi mshauri.

Chukua ya miezi mitatu iliyopita, ulinganishe na daftari la mauzo, uweke alama kila mahali pesa ilipotea na namna ilivyopotea. Pengine ni meseji bandia mara tatu. Pengine mteja alilipa kwa nambari ya kibinafsi ya mhudumu kwa sababu simu ya duka ilizima. Pengine mtu alipiga simu akijifanya ametoka kampuni ya malipo, akaomba PIN, akapewa. Hiyo orodha ndiyo mafunzo yako, usiongeze kitu. Kama hesabu ya chenji haijawahi kukupotezea pesa, usimkalishe mtu asubuhi nzima ukimfundisha chenji.

Halafu fundisha kidogo kidogo, dakika kumi kabla ya kufungua, simu ya duka ikiwa mkononi mwake yeye, si mwako. Rudia wiki ijayo, na mwezi ujao. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe na kuchapisha mwaka wa 1885 jinsi tunavyosahau haraka sana mwanzoni, na kwamba kurudia kwa vipindi hushinda kukariri kwa mkupuo. Mwambie mhudumu kwamba siku moja wiki hii utatuma meseji ya uongo kutoka kwa simu nyingine, uone kama ataikamata. Umwambie mapema kabisa, maana nia ni mazoezi. Mtego utamfanya akuogope tu.

Kuna mahali mafunzo hayasaidii lolote, na hapa ndipo nina ugomvi na wenye biashara. Unamwambia athibitishe kila malipo, kisha mteja akilalamika kwamba anacheleweshwa, unamkemea mhudumu mbele yake. Kesho atapeana mzigo bila kuangalia, na ungekuwa yeye ungefanya vivyo hivyo. Ama simu inayopokea meseji za malipo iko mfukoni mwako wewe, na wewe uko Githurai, duka liko Kasarani. Mhudumu anakupigia, hushiki. Anabaki kuamini simu ya mteja. Huyo hata umpeleke chuo kikuu bado atatapeliwa. Uliza kampuni yako ya malipo kama inaweza kuongeza nambari ya mhudumu ili aone pesa zikiingia bila uwezo wa kuzitoa.

Baada ya miezi mitatu linganisha tena. Usiangalie hasara peke yake, kwa sababu inaweza kupungua kwa vile tu biashara ilikuwa baridi. Weka pia daftari dogo la meseji bandia zilizokamatwa. Likianza kujaa, mafunzo yameshika.

Kuna wanaosema, nikimfundisha ataenda kwa jirani. Wengine wataenda, ndiyo. Lakini dakika kumi za asubuhi hazifiki Sh3,500, na asiyejua kitu akibaki, anabaki na simu ya duka lako.

Kwa walio na wafanyakazi wengi, angalieni pia ile ada ya NITA, Sh50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi. Ukiwa na watu 20 hiyo ni Sh12,000 kwa mwaka. Wengi huihesabu kama kodi nyingine tu, ilhali mwajiri anayeilipa anaweza kuomba kurudishiwa sehemu ya gharama za mafunzo, mradi apate idhini kabla ya kuanza na mkufunzi awe amesajiliwa nao. Ukifundisha kwanza ndipo uulize, utakuwa umechelewa.

Na wewe mteja, ukilipa na mhudumu akakuambia "ngoja kidogo niangalie salio," usipige mdomo wala kumwita bosi wake. Mwonyeshe jina lako, mpe nafasi aangalie simu yake mwenyewe, kisha uchukue unga wako uende.