Wenye fistula tusiwafiche

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wananchi wenzangu, hasa wa vijijini, juu ya ugonjwa ambao wengi huona haya hata kuutaja. Ni ule wa akina mama wanaotokwa na mkojo, na wengine haja kubwa, bila kuweza kuuzuia baada ya kujifungua. Ugonjwa huo ni fistula.

Hapa Lusahunga, wilayani Biharamulo, bado wapo wanaodai kuwa mama wa namna hiyo amerogwa au ametoka nje ya ndoa. Huo ni uongo. Mama akishikwa na uchungu siku mbili tatu na mtoto hapiti, kichwa cha mtoto hubana nyama iliyo kati ya kibofu na njia ya uzazi. Nyama hiyo hukosa damu, hufa, na baada ya siku chache hutoboka. Tangu hapo mkojo hupita kwenye tundu hilo usiku na mchana. Mchawi yuko wapi hapo? Kilichokosekana ni usafiri wa kumfikisha hospitali mapema.

Ndugu wasomaji, tundu hilo hushonwa. Likiwa dogo na bado jipya, pengine huziba lenyewe mgonjwa akiwekewa mpira wa mkojo mapema. Likiwa kubwa, daktari mwenye ujuzi huliziba kwa upasuaji, na wengi hurudi makwao wakiwa wakavu. Jambo hili si geni. Huko Addis Ababa, Dakta Catherine Hamlin na mumewe Reginald walifungua hospitali ya wagonjwa hawa mwaka 1974. Hapa nchini kazi hiyo hufanyika Bugando, Mwanza, na CCBRT, Dar es Salaam. CCBRT imewatibu wengi bila kuwatoza, na ikafikia hata kuwatumia nauli kwa M-Pesa.

Basi kwa nini mama zetu wanaendelea kuteseka? Namjua mzazi mmoja ambaye katika mikutano ya shule alikuwa akisimama nje, dirishani, ili watu wasisikie harufu. Mwanawe alichekwa darasani. Alikaa hivyo miaka, na madaktari wapo. Alichokosa ni mtu wa kumweleza na wa kumsindikiza.

Wala hatuwezi kusingizia umbali. Barabara kuu ya kwenda Rusumo inapita hapa kwetu, na malori ya Rwanda na Burundi hayalali. Tangu Juni 2025 Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, na anayekwenda Mwanza kwa njia ya Geita hangoji tena kivuko.

Nashauri hivi. Kwanza, wahudumu wa afya wanawake wapite nyumba kwa nyumba, wazungumze na akina mama faraghani, kisha wawafikishe zahanati wapewe rufaa. Pili, kila serikali ya kijiji itenge nauli ya watu wawili, mgonjwa na msindikizaji. Kama twaweza kuchangia harusi kwa shangwe, hatushindwi na hili. Tatu, waume waache kuwarudisha wake zao kwao kwa sababu ya maradhi yaliyotokana na kuwazalia watoto. Na mama aliyepona akipata mimba tena, asizalie nyumbani. Aende hospitali mapema, kwani mara nyingi itabidi apasuliwe.

Wapo pia wanaoteseka kimya kwa kizazi kushuka, kwa sababu ya uzazi wa mara nyingi na mizigo mizito. Nao wanatibika, wengine kwa upasuaji. Waambiwe.

Viongozi wa vijiji, katika mkutano wenu ujao liwekeni jambo hili kwenye ajenda. Mama huyo hataweza kuja mkutanoni kulisema mwenyewe.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Lusahunga, Biharamulo,
Kagera.